Tulimshuku Mwenzetu kwa Sababu ya Keki

Tunaandika haya kwa pamoja, sisi wanakikundi kumi na mmoja wa mapishi wa usharika mmoja hapa Iringa. Kabla ya kushika kalamu tulibishana sana. Wengine walisema mambo ya aibu hayapelekwi magazetini. Mwenzetu tuliyemkosea ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Andikeni, lakini wekeni na vipimo, maana wako wengi wanaokosea kama tulivyokosea." Basi tumeweka vyote viwili, kosa na vipimo.

Kikundi chetu kilianza kwa maandazi ya kuuza baada ya ibada. Baadaye tukaingia katika keki: za ubatizo, za kipaimara, za sendofu. Tulikuwa na oveni moja ya umeme, ya mama mchungaji, na umeme ukikatika tulitumia sufuria mbili, mchanga chini na makaa juu, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Vyombo vya kuokea tulitengenezewa na fundi bati wa sokoni. Vilikuwa vitatu, vyote vya duara, vyenye upana wa sentimita 20, 25 na 30, na kina cha sentimita 7 kila kimoja. Kipimo chetu kilikuwa kile ambacho wengi wenu mnakijua: mayai 4, siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga gramu 250, na maziwa vijiko vichache. Kipimo hicho kilijaa vizuri katika chombo kidogo, na keki ilitoka imesimama sentimita 6. Kwa miaka kadhaa hatukuoka kwa chombo kingine isipokuwa hicho. Vile vikubwa viwili vilining'inia ukutani vikisubiri harusi.

Harusi ikaja mwaka 2017. Mama mmoja mjane wa mtaa wetu, muuza vitunguu, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Alitaka keki ya ngazi tatu, naye alilipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Wakati mwingine alileta noti zilizokunjwa zikiwa bado na harufu ya vitunguu. Tulimwahidi kwamba keki ya mtoto wake haitakuwa na dosari.

Tulikaa chini ya mparachichi kupiga hesabu. Chombo cha sentimita 20 kinachukua kipimo kimoja, tukasema. Cha sentimita 30 ni ishirini na nusu yake, basi kitachukua kipimo kimoja na nusu, yaani mayai 6. Cha sentimita 25 kiko katikati, basi kipimo kimoja na robo, mayai 5. Jumla mayai 15, na siagi, sukari na unga kama gramu 940 kila kimoja. Hakuna aliyepinga. Hata wale kati yetu waliofika kidato cha nne waliitikia. Hesabu ilionekana safi kabisa.

Vitu vilinunuliwa na kuwekwa kwa mwenzetu aliyekuwa mtunza vifaa. Tulimchagua kwa sababu nyumba yake ilikuwa na chumba kidogo chenye kufuli. Ijumaa asubuhi alivileta, tukachekecha, tukakoroga, tukaoka moja baada ya nyingine, kwa kuwa oveni haikuweza kubeba mbili. Jioni keki zikapoa, tukazitoa na kuzipanga mezani.

Tulinyamaza. Ile ndogo ilikuwa imesimama sentimita 6 kama kawaida. Ya katikati ilikuwa chini ya 5. Ile kubwa, ambayo ndiyo ingewabeba wenzake, ilifika sentimita 4 tu, imelala kama chapati nene. Ilikuwa saa mbili usiku, na harusi ilikuwa kesho yake saa nane mchana. Tuligonga duka la jirani, tukakopa mayai na siagi kwa jina la kikundi, tukaoka nyingine ya sentimita 30 ya kuweka chini ya ile ya kwanza, jemu katikati. Tulimaliza saa saba usiku. Kesho yake keki ilisimama, vigelegele vikapigwa, bibi arusi akawalisha wakwe zake, na mama wa vitunguu akatushukuru kwa machozi. Hakujua lolote.

Lakini deni la dukani lilikuwa letu. Kazi tuliyotarajia itupatie faida ya kununulia meza ilituachia hasara.

Jumatano tulikutana. Sasa sikilizeni jinsi jambo baya linavyoingia katika kikundi cha watu wanaosali pamoja. Hakuna aliyesema neno "kuiba". Mmoja aliuliza tu, kwa sauti ya upole, "Hivi rojo la keki kubwa lilipungua kwa nini?" Mwingine akasema keki ile ilipungukiwa theluthi nzima, maana ilitoka 4 badala ya 6. Wa tatu akasema, "Theluthi ya siagi haiwezi kuyeyuka yenyewe chumbani." Halafu kukawa kimya, na macho yakamtazama mtunza vifaa.

Mwaka ule mume wake alikuwa amepunguzwa kazini. Sote tulijua. Tulijua pia kwamba watoto wanne walikuwa wanaenda shule na uji mweupe tumboni. Mmoja wetu akaongeza kwamba Jumapili aliwaona watoto hao wakila keki. Ni kweli walikula. Zilikuwa zile kingo tulizokata kusawazisha keki za harusi, na tuliwapa sisi wenyewe kwa mikono yetu ile Ijumaa usiku. Tulikuwa tumesahau, au hatukutaka kukumbuka.

Hatukumshtaki. Tulisema kwamba kuanzia sasa vifaa vitunzwe kwa zamu, "ili kumpunguzia mzigo". Naye hakubisha. Alitoa ufunguo mfukoni mwa khanga, akauweka juu ya meza, akasema, "Sawa, dada zangu." Jumatano iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kanisani alikuja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha alitoka mapema. Maneno yalifika bombani kabla yake. Baadaye tulisikia kwamba mtoto wake wa darasa la tatu aliambiwa na wenzake kwamba mama yake ni mwizi wa siagi, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Ilipita miezi miwili. Siku moja tukiwa kikaoni tukamwona anaingia na ndoo ya maji kichwani, na binti yake wa kidato cha pili nyuma yake ameshika daftari na kikombe cha kupimia, kile cha mililita 250. Tulidhani anapita tu. Alitua ndoo, akasalimia, akaomba vile vyombo vitatu vya ukutani. Akavipanga juu ya meza, akaanza kumimina maji kikombe kimoja kimoja, na binti akihesabu kwa sauti.

Chombo cha sentimita 20 kilijaa kwa vikombe 9 kasoro kidogo. Cha 25 kilichukua karibu 14. Cha 30 alimimina, akamimina, ikabidi maji ya vyombo vile vidogo yarudishwe ndooni ili yatoshe. Kilijaa kwa karibu vikombe 20.

"Ishirini na tisa," alisema. "Hiyo ni mara moja na nusu?"

Hakuna aliyejibu. Ni zaidi ya mara mbili. Ni mara mbili na robo.

Binti alitufungulia daftari. Somo lilikuwa eneo la duara: nusu ya upana, ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 22 na kugawanya kwa 7. Chombo chetu kidogo kina eneo la sentimita za mraba 314. Cha kati kina 491. Kikubwa kina 707. Alikuwa akifanya kazi ya nyumbani, mama yake akiwa anachambua maharage, ndipo akauliza, "Mama, vile vyombo vyenu vya keki vina upana gani?" Ndivyo ilivyoanza.

Aibu yetu ilizidi alipotukumbusha mashamba. Sisi sote tunalima. Shamba la hatua 20 kwa 20 ni hatua za mraba 400, na shamba la 30 kwa 30 ni 900. Hakuna mama hapa Iringa atakayechukua mbegu za shamba dogo, akaongeza nusu yake, akadhani zitatosha lile kubwa. Atacheka hata ukimwambia. Shamba likipanuka linapanuka pande zote, urefu na upana, na mbegu zinafuata vyote viwili. Chombo cha keki ni hivyo hivyo. Tulipotoka sentimita 20 kwenda 30 tuliongeza nusu kwa upande mmoja tu, ule mwingine tukausahau. Keki kubwa ilihitaji mayai 9, sisi tuliipa 6. Sita ni theluthi mbili za tisa. Ile theluthi iliyopotea haikuwahi kununuliwa.

Mama mchungaji, ambaye naye alikuwepo siku ile ya ufunguo na hakusema kitu, ndiye aliyeanza kulia. Hatukujua la kufanya. Mwenzetu alimwaga maji kwenye miche ya mchicha, akachukua ndoo yake, akaondoka na binti.

Jioni ile ile tulikwenda kwake, sote. Tulimkuta jikoni. Mwenyekiti wetu aliomba radhi kwa niaba yetu, kisha tukaona hiyo haitoshi, kila mmoja akasema lake. Yule aliyesema habari za watoto kula keki alisema mbele ya watoto wenyewe kwamba alikosea, na kwamba kingo zile tuliwapa sisi. Mume wake alikuwa amekaa mlangoni, hakututazama. Mwenzetu alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mungu nilijua anaona. Mimi nilikuwa nawafikiria hawa," akaonyesha watoto kwa mwiko. Akatutengea chai. Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisema bombani, mbele ya foleni ya ndoo, kwamba siagi haikuibwa, hesabu ndiyo iliyokosewa. Lilipoharibikia ndipo tulipoona lirekebishwe.

Sasa vipimo, kama alivyotuagiza.

Usianze na kitabu, wala usiamini upana peke yake. Vyombo vya fundi bati havilingani na vya kitabu, na hata viwili vya fundi mmoja hutofautiana kina. Chukua kikombe chako kimoja, kile kile siku zote, ukijaze chombo maji mpaka ukingoni huku ukihesabu. Kikiwa ni cha kufungua chini na maji yanavuja, tumia mchele. Idadi hiyo igawe kwa mbili: ndiyo vikombe vya rojo la keki unavyohitaji. Chombo chetu cha vikombe 9 kinataka vikombe vinne na nusu, na kipimo chetu cha mayai 4 hutoa karibu kiasi hicho. Cha vikombe 14 kinataka 7. Cha vikombe 20 kinataka 10. Kwa mayai, kikubwa ni 9, cha kati ni 6 na kidogo 4, na siagi, sukari na unga ni gramu 560, gramu 390 na gramu 250 kwa mfuatano huo. Hesabu ikikuletea robo ya yai, lipige yai, uchukue kwa kijiko; yai moja la kawaida bila ganda ni karibu vijiko vitatu vya chakula.

Uzuri wa maji ni kwamba hayajali umbo. Chombo cha moyo, cha namba, au kile chenye tundu katikati, rula itakusumbua, lakini kikombe hakidanganyi. Tena hupima na kina, ambacho daftari la shule lilikiacha. Mmoja wetu, anayependa Agano la Kale, alitukumbusha bahari ya kusubu ya Sulemani katika 1 Wafalme sura ya 7, chombo cha duara chenye dhiraa 10 toka ukingo hadi ukingo. Mwandishi hakuishia kwenye upana, alieleza na kina, na akataja kwamba kiliingia bathi 2,000. Tulicheka kwamba mafundi wa hekalu walituzidi.

Jihadhari na mraba. Mtu akiomba keki ya mraba ya sentimita 20 badala ya duara ya 20, wengi huona ni kitu kile kile. Pembe nne zile zinakula rojo. Eneo lake ni 400 dhidi ya 314, zaidi ya robo, kwa hiyo mayai 5 badala ya 4. Chombo cha mstatili cha 20 kwa 30 kinakaribia vipimo viwili kamili vya kile kidogo.

Vitabu vingine husema ujaze theluthi mbili za chombo. Huenda wanaofuata hilo kule Dar es Salaam wanafanikiwa. Iringa iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, na keki huumuka haraka kuliko pwani, halafu ikazama katikati. Sisi hujaza nusu na kupunguza bekingi pauda: kwa gramu 250 za unga tunaweka kijiko kimoja na nusu cha chai badala ya viwili. Kwa keki kubwa ya mayai 9 tunaweka vijiko 3, ingawa hesabu ingetaka zaidi kidogo, kwa sababu katikati ya chombo kipana huiva mwisho na ikijaa hewa mno huanguka. Moto nao hupungua: keki ndogo nyuzi 180 kwa karibu saa nzima, kubwa nyuzi 160 kwa saa moja na robo hadi moja na nusu. Choma katikati kwa kijiti kisafi cha ufagio wa chelewa, si pembeni. Pembeni huiva mapema na kukudanganya.

Pima pia oveni yako. Hili tulijifunza kwa kuungua. Chombo kinachogusa kuta huzuia moto kuzunguka, keki ikawa nyeusi upande mmoja. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande. Na rojo likizidi, usilisukumie ndani ukitumaini litajibana. Limwage katika vikombe vidogo vya kuokea, watoto watakushukuru.

Lipo jambo moja zaidi, na hili waume zetu ndio walilipenda. Bei zetu zilikuwa zimefuata hesabu ile ile mbovu. Keki ya sentimita 30 tulikuwa tumepanga kuiuza mara moja na nusu ya bei ya ndogo. Maana yake, hata kama tungeweka vitu vyote vinavyotakiwa, kila keki kubwa ingetula mfukoni. Siku hizi tunapanga bei kwa mayai, si kwa upana. Wateja wengine hulalamika, basi tunawaletea vyombo na ndoo ya maji.

Chini ya kila chombo tumeandika kwa rangi nyekundu: 9, 14, 20. Mwenzetu alirudishiwa ufunguo. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaupokea. Binti yake alimaliza kidato cha nne, na hesabu za kikundi bado tunampa aziangalie anapokuwa nyumbani.

Hivi karibuni tulioka tena keki ya ngazi tatu, ya vyombo vile vile. Mtunza vifaa alinunua mayai 20, maana moja huweza kuwa bovu. Yote yalikuwa mazima. Tulitumia 19. Tulipokuwa tunaosha vyombo alilichukua lile moja lililobaki, akaliweka katikati ya meza mbele yetu sote, akaomba katibu aliandike. Hakuna aliyemwagiza. Katibu aliandika, "Yai 1 limebaki," na hatukuweza kumtazama usoni.